Carl Akeley, fundi wa kamera aliyezikwa chini ya Mikeno

Anga likiwa safi jioni, wakaaji wengi wa Goma wanatoa telefone mfukoni na kupiga foto ya milima. Nyiragongo iko karibu, na kule nyuma wanasimama Mikeno na Karisimbi. Kwa macho milima ni mikubwa, inajaza anga. Kwenye telefone inakuwa midogo kama vichuguu, na mwanga mwekundu wa volkano usiku unageuka kuwa doa tu. Hapo njo mabishano yanaanza, kwenye kadirisha ya mabasi, kwenye arusi, hata kanisani: je, telefone inatosha, ao mtu anunue kamera ya kweli, ile wengine wanaita apareyi?

Wachache wanajua kwamba katikati ya ile milima miwili, Mikeno na Karisimbi, pahali panaitwa Kabara, alizikwa mtu aliyepambana na swali hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake ni Carl Akeley, Mmarekani. Alitengeneza kamera kwa mikono yake sababu zile zilizokuwa sokoni hazikufaa kazi aliyotaka. Kamera hiyo njo ilipiga filamu ya kwanza ya gorila wa mlima wakiwa hai ndani ya msitu wao. Na mtu huyo huyo aliua gorila, kiisha akatumia miaka yake ya mwisho kuomba wasiuawe tena. Parke ya Virunga, pamoja na mazuri yake na malalamiko yake, ina alama ya mkono wake.

Mtoto wa shamba anayependa ngozi za ndege

Carl Ethan Akeley alizaliwa mwaka 1864 huko Clarendon, kijiji cha jimbo la New York, katika familia ya wakulima. Hakusoma sana. Tangu utoto alipenda kazi moja ya ajabu: kuchukua ngozi ya ndege ao mnyama aliyekufa, kuikausha na kuisimamisha ili ionekane kama mnyama yuko mzima. Alijifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa kukosea.

Alipokuwa na miaka 19 hivi, alipata kazi Rochester, katika karakana ya Ward, iliyokuwa inatengeneza wanyama kwa majumba ya makumbusho. Kazi ya siku hizo ilikuwa ya haraka na mbaya: ngozi inajazwa majani makavu kama godoro, miguu inanyooka kama vijiti. Mwaka 1885, tembo Jumbo wa sarakasi ya Barnum, aliyekuwa tembo maarufu kuliko wote duniani, aligongwa na treni huko Kanada. Akeley alikuwa kati ya mafundi waliopewa kazi ya kumsimamisha tena.

Katika mji huo huo wa Rochester, miaka hiyo hiyo, mtu mwingine alikuwa anahangaika na picha. George Eastman alitaka kuondoa uzito katika kupiga foto: sahani za kioo, dawa, hema la giza. Mwaka 1888 alileta Kodak, kasanduku ambako mtu anabonyeza tu kisha anapeleka kiwandani wamalizie kazi. Mwaka 1900 akaleta Brownie, kwa bei ya dola moja. Kwa mara ya kwanza mama wa nyumbani na mtoto wa shule waliweza kupiga foto bila kuwa mafundi. Ukitafuta babu wa kamera ya telefone, ni ile Brownie: ndogo, rahisi, iko tayari, inasamehe makosa. Njia ya Eastman na njia ya Akeley zitakutana tena kwenye mwisho wa hadithi, na mwisho huo uko Kivu.

Kutoka Rochester, Akeley alienda Milwaukee, kisha Chicago, ambako jumba la makumbusho la Field lilimwajiri mwaka 1896. Aliacha kujaza majani. Alianza kuchonga mwili wa mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, kutoa umbo lake kwa plasta, kisha kuvalisha ngozi juu ya umbo jepesi. Nyuma ya mnyama aliweka mimea na ukuta wenye picha ya inchi yake. Lakini kazi hiyo ilidai kitu kimoja: kujua mnyama anasimama namna gani, anageuza shingo namna gani akiwa hai. Foto za wakati huo hazikutosha kumwambia. Akaona lazima aende Afrika.

Chui, tembo, na kamera iliyochelewa

Safari ya kwanza ilikuwa mwaka 1896, Somalia. Huko chui aliyejeruhiwa alimrukia. Risasi zilikuwa zimeisha. Chui alimuuma mkono, na Akeley akazidi kusukuma mkono huo ndani ya koo la mnyama, akamkalia kifuani mpaka akafa. Kuna foto yake ya siku hiyo, mikono imefungwa bandeji, chui amening'inia pembeni. Foto hiyo ilimfanya kuwa maarufu mbele ya kazi yake yenyewe.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1905 pamoja na mke wake Delia, kisha tena mwaka 1909, safari hii kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1910, kwenye mlima Kenya, tembo dume alimkamata. Alishika pembe zote mbili, moja kila mkono, na tembo akamkandamiza chini. Pembe ziligonga kitu kigumu ardhini na hazikuweza kuzama zaidi. Hiyo njo ilimwokoa. Uso wake ulichanika, mbavu zikavunjika. Watu aliokuwa nao walifikiri amekufa. Delia alitembea usiku na mvua kumfikia.

Akiwa kitandani, aliota kazi kubwa: ukumbi mzima wa Afrika, wenye tembo katikati na vyumba vya kioo pembeni, ili watu wa New York ambao hawatafika Afrika kamwe waone wanyama hao mbele hawajaisha. Tayari aliamini kwamba watakwisha.

Safari hiyo ilimpa pia hasira ya kamera. Alikuwa amepanga kupiga filamu ya mashujaa wa Kinandi wakiwinda simba kwa mikuki. Vijana wa Nandi walifanya kazi yao vizuri. Kamera ya filamu haikufanya yake. Ilikuwa nzito, lazima isimamishwe kwa utaratibu, lenzi ipangwe, mguu unyooshwe, na kugeuza kamera kulia kulikuwa na mkono wake, kuipandisha kulikuwa na mkono mwingine. Alipokuwa tayari, simba alikuwa amekufa. Mpiga picha yeyote wa arusi Goma anaijua hiyo huzuni: pete imeshaingia kidoleni na yeye bado anatafuta betri.

Kamera ya mviringo

Akeley alikuwa na akili ya fundi. Mbele yake tayari alikuwa amebuni mashine ya kurusha saruji kwa hewa, ili kupaka upya kuta za jumba la makumbusho la Chicago zilizokuwa zinabomoka. Mafundi wa migodi na matuneli duniani wanaitumia namna hiyo mpaka leo. Sasa aligeukia kamera. Alifanya kazi kwa miaka, na hati ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1915.

Kamera ya Akeley ilikuwa ya mviringo, kama sufuria yenye mfuniko, na watu waliipa jina la mkate wa kikaango. Alibadilisha mambo matatu ambayo mtu anaweza kuelewa hata leo.

La kwanza ni mwendo. Kichwa cha stendi yake kilikuwa na magurudumu ya ndani yanayotuliza, na mpiga picha aliweza kugeuza kamera pande zote kwa mkono mmoja tu, polepole bila kutetemeka, huku mkono mwingine unazungusha filamu. Ndege akiruka, kamera inamfuata.

La pili ni macho. Iliwekwa lenzi mbili zinazofanana, moja ya kupiga na moja ya kutazamia, zinazosogea pamoja. Mtu alipoona picha kali kwenye ile ya kutazamia, alijua ya kupiga ni kali pia. Na kitundu cha kutazamia kiliweza kugeuzwa, ili hata kamera ikiangalia juu mtini, shingo ya mtu isivunjike.

La tatu, na kubwa kwa msitu, ni mwanga. Kisahani kinachofungua na kufunga mwanga kilipewa nafasi kubwa zaidi kuliko kwenye kamera nyingine za siku hizo, na mwanga zaidi uliingia kwenye kila picha. Chini ya miti mikubwa, tofauti hiyo njo inaamua kama mnyama ataonekana ao atabaki kivuli.

Hapa njo mahali pa kuelewa mabishano ya telefone na kamera. Telefone ya leo ina kipande kidogo sana kinachopokea mwanga, kidogo kuliko ukucha, na lenzi ndogo mbele yake. Mchana, pwani ya ziwa, mwanga ni mwingi na telefone inapiga vizuri sana; watu wengi hawawezi kutofautisha foto yake na ya kamera kubwa. Giza likianza, telefone inafanya ujanja: inapiga picha nyingi kwa haraka na kuziunganisha kuwa moja. Ujanja huo ni mzuri kama mtu ametulia. Mtoto akicheza, uso wake unakuwa ukungu. Kamera kubwa ina kipokea-mwanga kikubwa, kwa hiyo haihitaji ujanja mwingi. Na kwa kuvuta mbali, kamera inatumia vioo vya lenzi vinavyosogea. Telefone nyingi, zikipita kiasi fulani, zinakata tu kipande cha foto na kukipanua, kama vile mtu amekata gazeti na kulisogeza karibu na jicho. Maandishi yanaonekana makubwa, lakini hakuna neno jipya limeongezeka.

Kamera ya Akeley ilipata wanunuzi kuliko alivyotarajia. Jeshi la Marekani liliitumia katika vita kuu ya kwanza. Robert Flaherty aliibeba kwenye barafu ya kaskazini ya Kanada kupiga filamu yake Nanook of the North, iliyotoka mwaka 1922. Wapiga habari za sinema waliipenda, na Hollywood iliitumia kwa farasi, magari na ndege. Lakini yeye aliitengeneza kwa ajili ya wanyama, na mnyama aliyemtafuta zaidi alikuwa hajapigwa filamu na mtu yeyote.

Mwaka 1921: bunduki na kamera juu ya Mikeno

Watu wa Rutshuru, Rwanda na Bufumbira waliwajua ngagi tangu zamani. Wazungu waliwaandika kwenye vitabu vyao mara ya kwanza mwaka 1902, wakati afisa Mjerumani Robert von Beringe alipowapiga risasi kwenye Sabinyo. Baada ya hapo kila jumba la makumbusho lilitaka lake. Mwaka 1921 mwana wa mfalme wa Uswidi, Wilhelm, aliua 14. Habari za wakati huo zilimchora gorila kama shetani wa msitu, anayeiba wanawake na kupinda bunduki. Kumuua ilikuwa ushujaa.

Akeley alikuja mwaka huo huo, 1921. Alifuatana na familia Bradley ya Chicago, na mtoto wao Alice aliyekuwa na miaka sita hivi. Mtoto huyo alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za sayansi kwa jina la kiume, James Tiptree. Walipitia kusini, Cape Town na Katanga, wakavuka Tanganyika, wakafika ziwa Kivu, kisha wakapanda kwa miguu mpaka misheni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, chini ya Mikeno. Wabebaji wa Kivu walibeba mizigo yote: chakula, plasta, chumvi ya ngozi, na kamera. Waongozaji wa huko njo waliojua njia za ngagi. Majina yao wengi hayakuandikwa, na nyuso zao zinaonekana pembeni ya foto bila maelezo. Bila wao Akeley asingeona hata kinyesi cha gorila.

Aliua wanne, na Bradley akaua mmoja. Watano hao njo wamesimama New York mpaka leo, ndani ya chumba cha kioo, nyuma yao milima ya Virunga imechorwa ukutani. Akeley hakujificha kwamba kazi hiyo ilimuumiza. Alipotazama uso wa dume mzee aliyelala mbele yake, hakuona shetani. Aliona uso wa upole, karibu na wa mtu. Alichukua umbo la uso wake kwa plasta. Alipoona mama na mtoto, mambo yakazidi kuwa magumu.

Kisha akaweka bunduki chini na kusimamisha kamera. Gorila hawakumshambulia. Walikula, walitazama, waliondoka. Dakika chache za filamu hiyo zilivunja hadithi ya miaka mingi. Watu wa New York waliona mnyama anayeogopa watu zaidi ya vile watu wanavyomwogopa yeye. Bunduki ilikuwa imeleta ngozi tano, na kamera ilileta ushahidi.

Kamera hiyo ilikuwa nzito, ghali, na fundi wake alijua kila skrubu. Brownie ya dola moja isingeweza kupiga gorila mweusi, ndani ya majani ya giza, mvua inanyesha, mbali hatua makumi. Lakini Brownie njo ingepiga mtoto wa Bradley akicheza kambini. Mwaka 1921 kila kamera ilikuwa na kazi yake, kama vile huko Goma chukudu na pikipiki: hakuna anayepeleka magunia ya viazi kutoka Kibumba kwa pikipiki ndogo kama chukudu ipo, na hakuna anayempeleka mgonjwa hospitali kwa chukudu kama motari yuko karibu.

Mfalme, mpaka, na mashamba

Aliporudi Marekani, Akeley alianza kuandika barua na kuhutubia. Alitaka ile milima ifungwe kwa wawindaji, na iwe pahali pa kusoma maisha ya gorila. Alimpata balozi wa Ubelgiji huko Washington, na kupitia yeye mfalme Albert wa Kwanza, aliyekuwa ametembelea parke za Marekani mwaka 1919 na kuzipenda. Tarehe 21 aprili 1925 Parke ya Albert ilitangazwa, parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Ilianza na eneo dogo kuzunguka Mikeno na Karisimbi, ikapanuliwa mwaka 1929 na miaka iliyofuata. Mwaka 1969 ilipewa jina la Virunga. Siku ya leo ina karibu kilometa za mraba 7,800.

Wazo lilitoka New York na sahihi ikatoka Bruxelles. Watu waliolima, kuchunga ng'ombe, kutafuta asali na kuni kwenye milima hiyo hawakuulizwa. Wakulima walipoteza mashamba, wafugaji walipoteza malisho, Wambuti na Watwa walipoteza msitu waliouishi. Malalamiko ya mpaka wa parke huko Rutshuru, Masisi, Nyiragongo na Lubero yana mizizi katika miaka hiyo. Filamu ya Akeley ilionyesha gorila kwa wema, lakini haikuonyesha jirani zao. Kamera, hata iliyo bora kuliko zote, inaona tu pale inapogeuzwa.

Safari ya mwisho

Ndoa yake na Delia ilivunjika mwaka 1923. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Jobe, mpanda milima na mpiga picha. Mwaka 1926 walipata pesa za kurudi Afrika kumalizia ule ukumbi. Aliyetoa sehemu kubwa ya pesa hizo alikuwa George Eastman mwenyewe, tajiri wa Kodak, mtu wa Rochester. Wakati huo Kodak ilikuwa inauza tayari kamera ndogo ya filamu kwa watu wa kawaida, na fundi wa kamera kubwa alikuwa anasafiri kwa pesa za kamera ndogo. Eastman alikuwa nao Kenya na Tanganyika, kisha akarudi nyumbani. Akeley akaendelea mpaka Kongo.

Alikuwa na miaka 62 na mwili umechoka. Alikuwa ameugua tayari mbele ya kuvuka mpaka. Walipita Kabale, wakafika Rutshuru, kisha Lulenga. Pamoja nao walikuwa mchoraji William Leigh, aliyepaswa kuchora milima kwa ajili ya ukuta wa nyuma ya gorila, na mwanasayansi Mbelgiji Jean-Marie Derscheid, aliyekuja kuhesabu gorila na kupima parke mpya. Akeley alitaka kuona tena pahali alipouua yule dume mzee. Baridi, mvua na mwinuko vilimmaliza. Sehemu ya njia wabebaji walimbeba. Walifika Kabara, kwenye uwanja mdogo wa majani zaidi ya metre 3,000 juu, na huko alikufa tarehe 17 novemba 1926.

Walichimba kaburi katika mwamba wa volkano, kazi ya jasho. Mary hakushuka mara moja. Alibaki mlimani majuma kadhaa, Leigh akichora, wengine wakikusanya majani na mimea, yeye akipiga foto. Ukumbi wa Afrika ulifunguliwa New York mwaka 1936 na unaitwa kwa jina lake. Mlima uliochorwa nyuma ya gorila wale ni mlima unaoonekana kutoka nyumba yake ya mwisho.

Kabara haikubaki kimya. Mwaka 1959 mwanasayansi George Schaller aliweka kambi karibu na kaburi na kuishi kati ya gorila bila bunduki. Mwaka 1967 Dian Fossey alianza kazi yake pale pale, mbele ya machafuko kumlazimisha kushuka na kuhamia Rwanda. Miaka iliyofuata kaburi lenyewe lilivunjwa na kufukuliwa, kisha likatengenezwa tena. Vita vya miaka 30 hivi vimefanya njia ya Kabara kuwa ngumu hata kwa walinzi.

Foto tatu za siku za karibuni

Kama Akeley angefufuka, angependa kuona namna mabishano ya kamera yamejibiwa huku Kivu katika miaka michache tu.

Julai 2007, gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, pamoja na dume wao Senkwekwe. Wanakijiji na walinzi walimbeba juu ya miti iliyofungwa, wengi kwa wengi, kama wanavyobeba mzee wa ukoo. Mpiga picha wa Afrika Kusini, Brent Stirton, alikuwa pale na kamera ya kazi. Foto hiyo ilizunguka dunia. Iliweza kuchapishwa kubwa kwenye magazeti na majumba ya maonyesho sababu kila uso na kila jasho lilionekana. Telefone za mwaka huo zisingeweza.

Aprili 2019, mlinzi mmoja huko Rumangabo alinyoosha telefone yake na kujipiga foto. Nyuma yake gorila wawili yatima, Ndakazi na Ndeze, walisimama kwa miguu miwili kama watu wanaosubiri basi. Hawakupangwa. Hakuna mwenye kamera kubwa aliyekuwa karibu. Kwa siku chache foto hiyo ilionwa na watu wengi kuliko filamu yote ya Akeley. Ndakazi alikufa mwaka 2021, akiwa na miaka 14, mikononi mwa aliyemlea tangu utoto, na foto ya siku hiyo pia ilienea dunia nzima.

Na usiku wa tarehe 22 mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, moto wa lava ulishuka kuelekea Buhene. Mwaka 2002 volkano hiyo hiyo ilipokata mji katikati, foto nyingi zilizobaki ni za waandishi wa habari na wa studio chache. Mwaka 2021 ni wakaaji wenyewe, wakikimbia na watoto mgongoni na godoro kichwani, waliopiga. Foto nyingi zilitetemeka, zilikuwa na giza na wekundu. Lakini kwa zile foto jirani waliambizana njia gani imefungwa na njia gani bado wazi. Kamera nzuri ndani ya kabati isingemsaidia mtu yeyote usiku huo.

Kwa hiyo jibu la Akeley, kama maisha yake yanaweza kuwa jibu, ni la fundi: kwanza uliza kazi, kisha chagua chombo. Foto ya familia, ya soko, ya hati, ya hatari inayokuja ghafla: telefone iliyo mfukoni inashinda kamera iliyo nyumbani. Arusi ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, mpira uwanjani, ndege juu ya ziwa, foto itakayochapishwa na kutundikwa ukutani: hapo kamera yenye lenzi yake bado inastahili pesa zake, na anayejua kuitumia anastahili malipo yake.

Na kuna jambo moja ambalo telefone haijatatua. Filamu ya mwaka 1921 bado ipo, sababu kuna mtu aliiweka kwenye kopo, akaandika jina na tarehe, akaifungia pahali pakavu. Foto za telefone zinapotea siku telefone inaibiwa Birere ao inaanguka ndani ya maji. Familia nyingi za Goma zilipoteza albamu zao chini ya lava mwaka 2002. Wengine leo wanapoteza miaka mitano ya watoto wao kwa mfuko mmoja uliochanika. Kuchapisha foto chache kila mwaka, kuandika nyuma yake nani, wapi na lini, ni kazi ndogo. Wabebaji wa Lulenga, waliopanda Mikeno na kamera ya Akeley vichwani, wako kwenye foto. Hakuna aliyeandika majina yao.